Kazi Ileile Kila Mwaka: Ufipa na Tuhuma ya Kuchosha

Anayesafiri kwa basi kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga hupita zaidi ya kilomita 200 za uwanda ulio wazi. Mgeni akishaipita Laela macho yake hayapati pa kushika: vilima vya mviringo, nyasi, mahindi, kijiji chenye mabati na mikaratusi michache, kisha vilima, nyasi na mahindi tena. Husinzia, na akiulizwa baadaye nchi aliyoipita ikoje, hujibu kwamba inachosha, ni ileile tu mwanzo hadi mwisho. Hukumu hiyo haikomei kwenye mandhari. Husemwa juu ya kilimo cha Wafipa, wenyeji wa uwanda huo, husemwa juu ya mji wa Sumbawanga, na siku hizi husemwa na vijana wa mkoa wa Rukwa wenyewe juu ya maisha ya wazazi wao. Nataka kuichukua kama dai linalodaiwa ushahidi, kwa sababu ni dai lenye matokeo: mtu akishakubali kwamba kazi fulani inachosha kwa asili yake, haulizi tena ni nani aliyeifanya iwe hivyo.

Waandishi wa Kiingereza wana kivumishi kimoja cha kubeba hukumu hii, nacho ni monotonous. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni ya sauti: mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Kutoka kwenye sauti neno lilihamia kwenye kazi, safari, chakula na nchi, na katika kuhama huko likabeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni taarifa, kwamba kitu hiki hakibadiliki. La pili ni malalamiko, kwamba kuna mtu amechoshwa nacho. Kivumishi hakimtaji mtu huyo. Kinauweka uchovu juu ya kitu chenyewe, kana kwamba ni sifa yake kama uzito au rangi. Anayesema kwa Kiswahili “inanichosha” amejitaja ndani ya kitenzi, na msikilizaji anaweza kumuuliza mbona jirani yake haimchoshi. Sijengi hoja yangu juu ya sarufi, maana Kiswahili nacho kinajua kusema “kazi ya kuchosha” bila kumtaja mchokaji. Ninachotaka ni kuyatenga maswali mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyafunga kamba moja. Je, jambo hili linarudiwa? Na je, linamchosha anayelifanya? Naamini jibu la swali la kwanza halitupi jibu la pili. Uchovu huingia pale uamuzi unapoondolewa mikononi mwa anayerudia, na Ufipa inafaa sana kwa uchunguzi huu kwa sababu historia yake ina urudiaji wa aina zote mbili, uliobaki na uamuzi na ulionyang’anywa uamuzi.

Kwanza niseme machache juu ya nchi. Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, sehemu yake kubwa ikiwa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi karibu na Sumbawanga ikipita mita 2,000. Mvua huja msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu chenye baridi kali mwezi Juni na Julai. Misitu imebaki vipande vipande, na msitu wa Mbizi, wenye mbega wekundu, ni mmoja wa mabaki hayo. Wanaoeleza kwa nini uwanda uko wazi kiasi hiki hutaja, pamoja na sababu za hali ya hewa na udongo, karne za kulima, kuchoma nyasi na kukata miti ya mkaa wa kuyeyushia chuma. Maana yake ni kwamba abiria anayedhani anatazama nchi tupu anatazama kazi ya mikono ya watu bila kuitambua. Wala haikuwa nchi isiyo na matukio. Hapa palikuwa na Milansi, kiti cha watawala wa kale ambao mapokeo husema walitangulia ukoo wa kitawala wa Watwa. Palikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Wangoni wa Zwangendaba walifika katika miaka ya 1840 na kiongozi wao akafia huku. Joseph Thomson alipita mwaka 1880. Wajerumani walijenga boma kando ya Ziwa Tanganyika na kuliita Bismarckburg, pale panapoitwa leo Kasanga. Hayo nayaacha, kwa kuwa hoja yangu haihitaji matukio makubwa. Inahitaji kazi ya kila mwaka.

Ushahidi wangu mkubwa ni ntumba, yaani kilimo cha matuta ya nyasi zilizofukiwa. Mvua zinapoelekea kuisha, kati ya Februari na Aprili, nyasi zimefika urefu wake na udongo ungali laini. Mkulima wa Kifipa hukata ardhi yenye nyasi kwa jembe, huigeuza ili nyasi ziingie ndani na mizizi itazame juu, na kuirundika kuwa tuta la mviringo. Shamba likimalizika, huonekana limejaa matuta yanayofanana, safu kwa safu, hata mtazamaji wa mbali angeapa kwamba ni kazi ya mashine. Nyasi zilizofunikwa huoza ndani ya tuta katika miezi ya kiangazi. Juu ya tuta hupandwa maharage, ambayo hutumia unyevu uliobaki. Mvua zinaporudi matuta hubomolewa, udongo ulioiva husambazwa, na ulezi hupandwa. Miaka inayofuata shamba hupokea mazao mengine kwa zamu, kisha huachwa lipumzike mpaka nyasi ziwe nene tena. Majirani wa kusini, Wamambwe, wana mfumo wa aina hiyohiyo wanaouita fundikila. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kuandika A State in the Making, kitabu kilichotoka mwaka 1981, aliuona umuhimu wa kilimo hiki katika kuelewa namna Wafipa walivyoweza kukaa katika vijiji vya kudumu. Uzito wa jambo hili unaonekana ukiwalinganisha na Wabemba wa Zambia, ambao kilimo chao cha chitemene kilitegemea kukata matawi ya miti, kuyakusanya na kuyachoma ili majivu yarutubishe udongo. Penye miti michache njia hiyo haiwezekani. Wafipa waliipa nyasi kazi ambayo kwingine ilifanywa na moto na miti.

Sasa tulipime tuta hilo kwa kivumishi chetu. Urudiaji upo, tena mwingi kupita kiasi: tuta la mia linafanana na la kwanza, na mwaka wa ishirini unafanana na wa kumi na tisa. Hata hivyo kila tuta limezungukwa na maamuzi. Mkulima husoma nyasi kabla ya kuugusa udongo, kwa kuwa aina ya nyasi na unene wake humwambia kama ardhi imepumzika vya kutosha. Huchagua siku: akiwahi, nyasi hazijakua na tuta litakosa cha kuozesha; akichelewa, mvua zimekatika, ardhi imekaza na maharage hayatapata unyevu. Huamua matuta yawe makubwa kiasi gani na yaachane umbali gani, kulingana na mteremko na maji yanavyokimbia. Huamua kama kazi aifanye na watu wa nyumbani kwake tu au aite majirani, na akiwaita, lazima ulezi wa pombe uwe umetengwa tangu mavuno yaliyopita, kwa sababu kazi ya pamoja ililipwa kwa pombe ya ulezi na zamu ya kwenda kulima kwa mwenzako. Anayeona safu za matuta yanayofanana anaona matokeo ya maamuzi mengi yaliyopatana. Yakipatana vizuri, matokeo hufanana. Na mtu asiyeyajua maamuzi hubaki na kufanana peke yake.

Kazi ya chuma inaonyesha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Mpaka karne ya 20 ilipokuwa imekwishaanza, Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuru refu la udongo linaloitwa ilungu, lenye urefu wa mita 3 hivi, linalovuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini bila kupulizwa kwa mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa tayari kufuliwa. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, kisha ndipo mhunzi akapata chuma cha kutengenezea jembe. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania aliyechunguza mabaki ya uyeyushaji katika eneo la Nkasi, ameonyesha kwamba kusini magharibi mwa Tanzania kulikuwa na teknolojia zaidi ya moja ya chuma, zenye historia tofauti. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba kazi ya jadi, kwa kuwa inafuata miiko na hatua zilezile, haina fikra ndani yake. Mabingwa wa ilungu walishika miiko mikali, walikuwa na kapu lao la dawa, walirudia matendo yaleyale kila msimu wa kiangazi. Pamoja na hayo, mawe ya chuma hayafanani kilima hadi kilima, mkaa haufanani mti hadi mti, na upepo hauji kwa amri ya mtu. Aliyeshindwa kuzisoma tofauti hizo alibaki na tanuru lililojaa takataka baada ya siku kadhaa za moto. Miiko ilisimama imara ili akili ibaki na nafasi ya kuhangaika na yale yanayobadilika.

Hapa naona inafaa kutoka Ufipa kwa muda, kwa sababu waliolifikiria sana suala la kazi ya kurudiarudia ni watu walioishi karibu na viwanda. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alianza kwa kusifu karakana ya pini ambamo kazi moja iligawanywa kwa watu wengi, kila mmoja akirudia kipande chake. Wengi huikumbuka sifa hiyo. Wachache hukumbuka kwamba mbele zaidi, katika sehemu ya tano ya kitabu hichohicho, aliandika kwamba mtu anayetumia maisha yake yote katika vitendo vichache vyepesi hukosa nafasi ya kutumia akili yake, na akili hiyo hudumaa. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1913, kiwanda cha magari cha Ford huko Highland Park nchini Marekani kilianza kuunganisha magari kwenye mkanda unaotembea. Wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi kiasi kwamba kampuni ililazimika kuajiri kila mwaka watu mara kadhaa ya idadi ya nafasi zilizokuwepo. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, yaani karibu mara mbili ya yale ya awali. Tukio hilo lina somo kwa hoja yetu. Mafundi waliounganisha magari kabla ya mkanda nao walirudia kazi, gari baada ya gari. Mkanda haukuleta urudiaji mpya duniani. Ulichofanya ni kuchukua mwendo, mpangilio na hukumu ya kazi kutoka kwa fundi na kuviweka ofisini. Fedha iliyoongezwa ililipia hasara hiyo, haikuiondoa.

Turudi Rukwa tukiwa na somo hilo. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Tanzania ilianzisha bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Namanyere au Matai, aliye mbali kabisa na Dar es Salaam, akalipwa sawa na aliye karibu na soko, na gharama ya usafiri ikabebwa na shirika la umma lililonunua nafaka. Mbolea na mbegu bora zikaja kwa mpango wa taifa wa mahindi, majembe ya kukokotwa na ng’ombe yakaenea, na mkoa uliokuwa unajulikana kwa ulezi na maharage ukaingia pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika kundi la mikoa minne mikubwa ya kulisha taifa. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei moja iliondolewa na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mpaka ikaisha. Mahindi yalibaki. Ulezi ulikuwa umepungua, matuta ya nyasi yalikuwa yamepungua, na mkulima alikuwa na zao ambalo mbegu yake hutoka dukani, mbolea yake hutoka ng’ambo, na bei yake hutamkwa na mnunuzi. Ruzuku imerudi baadaye kwa sura nyingine, kwa vocha za pembejeo na kisha, katika miaka ya karibuni, kwa usajili wa wakulima. Kila mara muundo ni mmoja: aina ya mbolea na siku ya kuipata hupangwa na watu wasiolijua shamba lenyewe.

Hapo ndipo naliona shamba la kuchosha, na nalisema bila kuwadharau wanaolilima. Linachosha kwa sababu maswali yaliyokuwa ya mkulima yamehamishwa. Zamani nyasi zilimwambia kama ardhi iko tayari. Leo tarehe ya kupanda hutegemea gari la mbolea limefika lini. Zamani mchanganyiko wa mazao ulikuwa hesabu yake ya njaa na ya pombe ya kazi. Leo mahindi ndiyo yanayonunuliwa, basi ni mahindi. Mwaka 2017 ulionyesha hatari yake waziwazi. Viwavijeshi vamizi viliingia nchini mwaka huo, na Rukwa ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuviripoti. Mdudu huyo hupendelea mahindi kuliko zao lingine lolote, na shamba la mahindi matupu ni meza iliyoandaliwa kwa ajili yake. Juni mwaka huohuo serikali ilizuia mahindi ghafi kuuzwa nje ya nchi, ikiruhusu unga. Nia ilikuwa kulinda chakula cha taifa, na ni nia halali. Bei ya mahindi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ilianguka vibaya, na zuio likaja kuondolewa baada ya miezi kadhaa, wengi wakiwa wamekwishauza kwa hasara ili kulipa ada na madeni ya pembejeo. Mkulima aliyefanya kila kitu kama alivyoelekezwa alipata adhabu sawa na aliyezembea. Hakuna kinachoua hamu ya kazi kama kugundua kwamba umakini wako haubadilishi matokeo.

Najua mapingamizi yanayokuja, na la kwanza ni zito. Mahindi yameezeka nyumba mabati, yamelipa ada, yamenunua baiskeli na pikipiki, na yameipunguzia njaa nchi nzima. Mbona nimfanye mkulima ajutie zao lililomtoa kwenye umaskini? Tena kilimo cha zamani kiliwaumiza wanawake: ulezi hupaliliwa kwa mkono, huvunwa kichwa kimoja kimoja kwa kisu, hupepetwa, na kabla ya mashine ya kusaga kufika kijijini ulisagwa juu ya jiwe na mwanamke aliyepiga magoti alfajiri. Yote hayo ni kweli, na anayeisifu ntumba bila kuyasema anasifu jasho la wengine. Ila pingamizi hili linaithibitisha hoja yangu mahali lilipodhani linaibomoa. Kusaga juu ya jiwe ni urudiaji ambao karibu hauna uamuzi ndani yake: mwendo mmoja wa mikono, nafaka moja, kila siku. Mashine ilipofika, hakuna aliyeulilia msago. Kungekuwa na ukweli katika dai kwamba watu wa jadi hupenda kurudia kwa sababu wamezoea, wangelishikilia jiwe. Waliliacha mara moja. Kwa upande wa mahindi, sisemi yaondolewe. Nasema fedha yake ililipia hasara ya uamuzi kama yalivyofanya malipo ya Highland Park, na malipo yanapokatika, kama yalivyokatika 2017, kinachobaki mkononi ni ule urudiaji mtupu.

Pingamizi la pili hutoka kwa vijana, nao wana haki ya kusikilizwa kuliko wanaoandika juu yao. Wanasema shamba linaboa, na wanahamia Sumbawanga mjini, Tunduma au Mbeya. Je, hiyo haionyeshi kwamba kilimo kinachosha chenyewe, kiwe cha ntumba au cha mahindi? Tuangalie wanakokwenda. Wengi huendesha bodaboda. Dereva wa bodaboda mjini Sumbawanga hupita barabara zilezile, kati ya stendi, soko na mitaa ileile, mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko baba yake alivyolivuka shamba lake kwa mwezi. Kwa kipimo cha kurudia tu, kazi yake ingestahili lile neno la Kiingereza kuliko kilimo chochote. Hasemi hivyo, kwa sababu kila abiria ni mapatano mapya: nauli, njia, mvua, mafuta yaliyobaki, wapi asimame asubiri. Atajibu mtu kwamba siri ni fedha ya kila siku tu, na fedha kweli inavuta. Lakini kibarua wa kubeba magunia ghalani naye hulipwa kila siku, na sijaona vijana wakikiita kibarua hicho uhuru. Kinachowavuta kwenye pikipiki ni fedha iliyoambatana na hiari, na shamba la wazazi wao limewaonyesha hiari kidogo sana.

Shule nayo imechangia mtazamo huo. Katika shule nyingi za nchi hii jembe limetumika kama adhabu: aliyechelewa hulima, aliyepiga kelele hulima. Mtoto anayelifahamu jembe kwa njia hiyo amefundishwa kwamba kulima ni kurudia bila sababu, na amefundishwa na mwalimu, mtu anayepaswa kumpa sababu za mambo. Mwalimu Nyerere aliiona hatari hii mapema. Katika waraka wake wa Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, hakudai tu kwamba shule ziwe na mashamba. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua nini kilimwe na mapato yatumikeje, wajue hesabu ya shamba lao, wayaone matokeo ya uamuzi wao wenyewe, mazuri na mabaya. Nusu ya kwanza ya wazo hilo ilitekelezwa kwa wingi, yaani shamba na jembe. Nusu ya pili, yaani uamuzi, iliachwa mahali pengi, na bila hiyo mashamba ya shule yakawa mahali pa kazi ya bure iliyochukiwa. Nionavyo mimi, hakuna kosa lililoigharimu elimu ya kilimo nchini kuliko hili, kwa sababu lilichukua wazo lililokuwa dawa ya uchovu na kulifanya kiwanda cha uchovu.

Pingamizi la mwisho ni la ardhi. Ntumba huhitaji nyasi nene, na nyasi nene huhitaji ardhi ipumzike miaka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1 mkoani Rukwa, na ya mwaka 2022 takriban milioni 1.5. Mifugo imeongezeka pia, hasa bondeni, baada ya wafugaji kutoka kanda ya ziwa kuhamia huko kwa miongo kadhaa. Ardhi haina nafasi ya kupumzika kama zamani, na anayetaka matuta yarudi kila mahali anaota. Nakubali bila masharti. Mkulima mwenye ekari tatu hawezi kuiacha moja na nusu ioteshe nyasi. Lakini kilichokuwa na thamani katika ntumba ni kwamba mkulima alikuwa anaiuliza ardhi swali na anapata jibu analoweza kulitumia msimu unaofuata, na hilo halihitaji ekari nyingi. Maharage yanaweza kuzungushwa na mahindi, mabua yanaweza kufukiwa badala ya kuchomwa, sehemu ndogo ya shamba inaweza kupewa samadi na nyingine mbolea ya dukani na matokeo yakalinganishwa. Afisa ugani anayekuja na jibu tayari humpunguzia mkulima kazi ya kufikiri; anayekuja kulinganisha pamoja naye, akimwacha achague cha kujaribu, humrudishia.

Yapo pia mambo yasiyo mikononi mwa mkulima wala afisa ugani. Serikali hununua mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao una maghala Sumbawanga, na serikali hiyohiyo ndiyo inayoamua kama mipaka itakuwa wazi kwa nafaka. Bei ya ununuzi na msimamo juu ya mipaka vinaweza kutangazwa kabla ya msimu wa kupanda na kuheshimiwa mpaka mavuno. Wapo watakaosema kwamba serikali haiwezi kujifunga hivyo bila kuijua mvua itakayonyesha. Mkulima naye haijui mvua, na yeye hujifunga kwa mbegu, mbolea na mkopo. Si haki kwamba yule mwenye akiba ndogo zaidi ndiye pekee anayebeba kutojua huko. Bei ikijulikana Oktoba, mkulima wa Laela anaweza kukaa na mkewe wakaamua ekari ya tatu waipe mahindi, maharage au ulezi. Ikijulikana Juni, mahindi yameshakauka shambani na hawana cha kuamua.